Gari la Mina Liliegemea Kulia

Jumapili, 24 Februari

Nimelitoa gari. Naandika sentensi hii kwanza ili niione kwa macho.

Jana mjukuu wangu Tamlyn alitimiza miaka ishirini na mmoja. Kama ilivyo desturi yetu, tulimkabidhi ufunguo wa utu uzima: ubao uliochongwa umbo la ufunguo, mrefu kama mkono wa mtu, umevikwa karatasi ya fedha na kutiwa sahihi na wageni wote. Jambo la heshima. Kila nyumba ya kijiji chetu, Salemsdal, ina ubao kama huo ukutani. Mimi, kwa tamaa ya kupamba — Mungu anisamehe tamaa ya kupamba — nilikuwa nimeufunga hapo ufunguo wa kweli. Ufunguo wa Mini, kigari kidogo cha marehemu mke wangu, Mina.

Nikasimama mbele ya mchungaji, bendi nzima ya matarumbeta ya kanisa, na masufuria ya wali wa binzari, nikasema: "Tamlyn, gari la bibi yako sasa ni lako kabisa."

Kabisa! Hakuna aliyeniomba neno hilo. Nililokusudia ni kwamba aliendeshe kwa utulivu, alioshe Jumamosi, na alfajiri ya Pasaka anipeleke makaburini, mimi na tarumbeta langu la besi, kama Mina alivyonipeleka tangu nyonga yangu ilipoharibika. Hayo sikuyasema. Niliamini yanajulikana.

Watu wakapiga makofi. Jirani yangu, Dada Drusila, alilia waziwazi. Mina alikuwa mkunga wa kijiji. Watoto wote wa Drusila walipokelewa na mikono iliyoshuka kutoka kwenye gari hilo. Tamlyn akanikumbatia na kuninong'oneza: "Babu, nitalifanya lipae!"

Nilidhani ni shukrani.

Jumanne, 26 Februari

Injini iko nje ya gari.

Nilitoka asubuhi na kikombe changu cha chai, nikaikuta inaning'inia kwa mnyororo kwenye mkaratusi, ikidondosha mafuta juu ya maua ya Mina. Tamlyn ni fundi umeme wa magari katika mji wa Atlantis. Yuko likizo ndefu hadi Pasaka — bahati iliyoje!

Nilimsalimu kwanza. Kisha nikauliza, kama si usumbufu, injini ilikuwa na kosa gani.

"Haina kosa, Babu. Imezeeka tu."

Nikasema kwamba hata mimi nimezeeka.

"Wewe mnyororo wangu haukuwezi," akasema, akacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Baadaye nilijikuta nimesimama jikoni nikilitazama birika kana kwamba nalo lingetolewa.

Jumamosi, 2 Machi

Amekuja kijana aitwaye Riedwaan, rafiki wa Tamlyn kutoka mjini, na pikapu. Ndani ya pikapu, injini ya Kijapani. Kubwa! Hata mimi niliyefundisha hisabu za darasa la nne naona kwamba kitu hicho hakiingii kwenye tundu hilo.

Riedwaan ni mwenye adabu. Ananiita Mzee, na mama yake amenitumia vitumbua vya shira vizuri mno. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kukasirika. Alinieleza kwa upole kwamba Mini zote zenye sifa huku jimbo la Rasi zina injini hii. "Ikifunguka, Mzee, hata hao wenye magari ya milioni unawaacha kwenye taa za barabarani wanakula moshi wako."

Nikamwuliza Mina alihitaji kumwacha nani kwenye taa za barabarani. Hakuelewa. Akaniomba nimshikie ncha ya tepu ya kupimia.

Nikaishika. Naomba radhi — sijui naomba kwa nani humu — lakini niliishika vizuri, nikasoma na vipimo kwa sauti. Ndivyo tulivyopata kujua, sote watatu, kwamba pua ya gari itabidi ikatwe.

"Asante, Babu," akasema Tamlyn.

"Si kitu," nikasema. Si kitu!

Jumatano, 6 Machi

Grenda ya kukatia chuma inalia tangu asubuhi. Pua imekatwa. Neno la Siku katika kitabu chetu lilihusu subira. Nashukuru, lakini lingengoja kesho.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya ibada Ndugu Carolus, kiongozi wa bendi, alinivuta kando. Nilimfundisha mwenyewe kupiga tarumbeta alipokuwa mdogo kuliko tarumbeta lenyewe; sasa ana mvi, nami simwiti tena Carolus bila Ndugu.

Akauliza, kwa heshima zote, habari za Pasaka. Bendi hutoka gizani, huzunguka kijiji ikipiga nyimbo mitaani, kisha hupanda kilima hadi makaburini kulipokea jua. Humo husomwa majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita. Mina alilala Juni. Mwaka huu ni zamu ya jina lake.

"Nimesikia gari liko vipandevipande," akasema. "Ndugu Gotlieb, nakuomba usijisumbue. Tarumbeta apewe kijana Elrico, ana miguu. Wewe upande basi dogo la wazee, ukae mbele na wageni."

Mbele na wageni! Kama mtu aliyetoka mbali kule Upington!

Nilimwambia kwamba tangu nyonga inisaliti, Mina alinifuata nyuma ya bendi kwa mwendo wa miguu, mimi nikipiga kupitia dirishani, na kwamba jina lake halitasomwa bila besi ya mumewe chini yake. Nikasema, mbele ya wazee wa kanisa waliokuwa wakijifanya kufunga madirisha: "Gari la Mina litanileta."

Carolus akatikisa kichwa. Akasema sawa, ila Elrico ataanza kufanya mazoezi, iwapo tu.

Kwa hiyo nimetamka maneno mawili hadharani, nayo hayakai chungu kimoja. Gari ni lake kabisa. Na litanileta.

Jioni nikamweleza Tamlyn. Akanipiga bega kwa mkono wenye grisi: "Pasaka? Babu, Pasaka tutafika kabla hujamaliza kufunga mkanda!"

Sitaki kufika kabla. Nataka kufika nyuma ya bendi. Sikusema. Nilienda kulisugua shati.

Jumatano, 20 Machi

Leo nimeumia na sijui pa kuuweka uchungu wenyewe. Nitauweka hapa, nikiomba radhi kwa karatasi.

Mini haikuwa na springi. Ilikalia raba nne, kila moja kama bakuli nene. Mina alikuwa mwanamke mzito, Mungu ampumzishe, na alikaa upande wa kulia miaka yote ile, usiku na mchana, njia za mawe na za matope. Raba za upande wake zilijikunja zikasahau kujikunjua. Gari likaegemea kulia. Hata likiwa tupu, hata baada ya maziko, lilisimama uani likiwa limeegemea kulia, kana kwamba ameshuka sasa hivi kuchukua mkoba.

Nilikuwa nalitazama kutoka dirisha la jikoni. Kila asubuhi. Hakuna anayelijua hilo.

Leo Tamlyn aliniita kwa furaha. Raba zote zilikuwa ndani ya ndoo. Gari liko juu ya springi mpya za manjano na shokapu zake, za kupandisha na kushusha kwa spana. Juu ya paa ameweka pima maji ya kujengea. Pima maji!

"Tazama kiputo, Babu. Katikati kabisa! Masikini, miaka yote lilikuwa linachechemea. Nimelitibu."

Nikatazama kiputo. Kilikuwa katikati.

Nikasema: "Hongera."

Chai ya leo nimeitia chumvi. Nikainywa yote, kwa kuwa ni kosa langu.

Alhamisi, 28 Machi

Wameiwasha.

Kuku wa Drusila wamehamia juu ya paa la kanisa. Mbwa wa mtaa wa chini walilia, wa mtaa wa juu wakaitikia. Drusila mwenyewe alifika uani akiwa na mwiko mkononi.

"Gotlieb! Hilo ni gari au ni siku ya mwisho? Kama ni siku ya mwisho uniambie, nikavae!"

"Ni muziki, Bibi Dru!" Tamlyn akampigia kelele kutoka chini ya boneti.

"Muziki ni wa babu yako. Hicho ni kikohozi cha shetani! Sahani ya marehemu mama yangu imeshuka ukutani peke yake!"

Nilimwomba radhi. Nikamwomba radhi kwa niaba ya sahani. Riedwaan akaahidi eksozi ingefungwa kidude cha kupunguza sauti, kisha akamwambia Tamlyn kwa mnong'ono, nami nikasikia, kwamba kidude hicho kinaua nguvu.

Injini ya zamani ilikuwa na sauti ya mtu anayekohoa kwa adabu kabla ya kuingia. Mina akitoka kuzalisha, nilimsikia tangu kwenye kona ya mikaratusi. Niliondoka kitandani, nikaliweka birika motoni. Maji yalipochemka, mlango ulifunguka. Haikukosea hata mara moja. Hii ya sasa ukiisikia, imekwisha kufika, imekwisha kupita, na kikombe chako kiko sakafuni.

Jumamosi, 6 Aprili

Wamenitembeza.

Naandika nikiwa nimelala ubavu. Springi zile hazina huruma. Nilitambulishwa kwa kila jiwe la barabara ya kilimani, moja baada ya moja. Tamlyn alikanyaga mafuta mara moja tu. Nilisema "Ee!" — neno ambalo shule ya misheni haikunifundisha kulisema namna ile. Kofia yangu ilirudi nyuma. Sikuiona tena mpaka tulipofika Atlantis.

"Unasikia hiyo, Babu? Unasikia?"

Nilimjibu kwamba nasikia, asante.

Wakati wa kurudi tulikwama nyuma ya trekta. Mwendo wa miguu. Haukupita muda, mvuke ukatoka kwenye boneti kama sufuria ya nyama. Tukasimama. Riedwaan akamimina maji kwenye rejeta, akinieleza kana kwamba ni sifa: "Hii injini haipendi kutembea, Mzee. Inataka upepo. Ukiitembeza polepole inachemka."

Mwendo wa miguu! Mwendo wa bendi!

Tulifika nyumbani. Nikaenda kulileta tarumbeta ili nione kama litaingia. Ndipo nilipotazama nyuma. Kiti cha nyuma hakipo. Mahali pake, mabomba ya chuma yamepita huku na huku kama kitanda cha jela. "Ya usalama, Babu. Likipinduka." Tarumbeta haliingii. Nililijaribu kwa kulala, kwa kusimama, kwa mdomo mbele. Haliingii.

Basi nikapaza sauti. Naandika kwa aibu. "Mmetoa injini! Mmekata pua! Mmelinyoosha! Mmelichokoa matumbo! Ndani ya hiki kitu Mina amebaki wapi?"

Riedwaan akainama kutafuta spana ambayo haikupotea. Tamlyn akanitazama, mikono imejaa grisi, macho yamejaa maji.

"Babu, ulisema ni langu kabisa. Mbele ya watu wote. Ungesema hapana, ningeacha siku ileile."

Ni kweli. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilimwomba radhi. Nikamwomba radhi Riedwaan, nikamwuliza hali ya mama yake. Nikaingia ndani.

Jumanne, 9 Aprili

Hatusemi. Tunasalimiana sana, lakini hatusemi. Elrico anasikika akifanya mazoezi ya besi bondeni. Anachelewa kila pumzi. Nimefunga dirisha, nikalifungua tena, maana kufunga ni utovu wa adabu.

Jumapili ya Matawi, 14 Aprili

Nimesikia nisiyopaswa kusikia. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikipanga pazia.

Tamlyn alikuwa akilifuta gari. Drusila akaegemea ua.

"Umelisafisha vizuri, mwanangu. Ila wakati wa bibi yako tulilijua hata gizani, taa moja iko chini ya nyingine. Linakuja limeinama kama mwanamke aliyebeba ndoo. Tukiziona tunasema, haya, Mina huyo, mtoto atazaliwa salama. Sasa limenyooka. Kila mtu anaweza kuwa nalo."

"Lilikuwa na ugonjwa wa raba, Bibi Dru."

"Ugonjwa! Mimi nikiinamia upande kwa kulea wajukuu, nami utanipima kwa pima maji?"

Tamlyn akaacha kufuta. Kitambaa kikasimama juu ya boneti. Nami nikasimama nyuma ya pazia. Sikujua kama nimshukuru Drusila au nimdai radhi kwa kusema langu kabla yangu.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Kijiji chote kilimani, kupaka makaburi chokaa. La Mina nimelipaka mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Carolus akaja kusaidia. Akauliza kuhusu gari, bila kuuliza: "Elrico ameshazoea wimbo wa tatu." Nikamjibu kwamba nimefurahi kusikia.

Na wakati huo — siku ya leo! saa ya mateso ya Bwana! — grenda ilikuwa ikilia kutoka uani kwangu, ikasikika hadi makaburini. Wazee walinitazama. Mchungaji akatazama chokaa. Ni Tamlyn na Riedwaan, ambaye angalau ana udhuru wa dini nyingine. Niliomba radhi kwa watu wengi kiasi kwamba mwishowe nilimwomba radhi hata msalaba wa mbao wa mtu nisiyemjua.

Nyumbani nikakuta mabomba yote ya chuma yako kwenye majani. Kiti cha zamani kimerudi mahali pake, na alama za meno ya mbwa wetu wa zamani. Tamlyn anakula samaki wa siki kwa mikono kwenye ngazi ya mlango.

"Lete tarumbeta," akasema, mdomo umejaa.

Liliingia. Mdomo wake unatoka dirishani, kama zamani.

Nikamwongezea samaki.

Jumamosi, 20 Aprili

Karamu ya upendo kanisani, chai na mikate mitamu. Drusila alinipa mkate wake, kwa sababu "kesho utahitaji pumzi." Kila mtu anajua. Nimeoga. Nyonga inauma. Shati limenyooka. Tamlyn anataka nilale mapema; ana kazi kidogo ya kumalizia, asema. Nimejizuia kuuliza kazi gani. Nimejizuia sana!

Jumapili ya Pasaka, 21 Aprili, kabla ya jua

Nimerudi ndani kuchukua kofia. Sina haraka. Ninayo haraka. Naandika nimesimama.

Nilitoka na taa. Nilidhani macho yananidanganya, nikasogea. Gari limeegemea kulia.

Tamlyn alikuwa amelala chini yake, miguu tu nje. Akatoka na spana mkononi. Hajalala kabisa, nilimwona.

"Nimeshusha springi ya upande wake," akasema. "Hizi zinashuka, Babu. Nilikuwa sijui kama inabidi zishuke."

Nilitaka kusema neno. Nililolisema ni: "Asante kwa usumbufu." Mzee mjinga!

Akaliendesha mpaka langoni. Likakwaruza. Gurudumu la kulia linagusa madigadi — kwaru, kwaru, kwaru — kwa sababu pua si ile ya zamani na magurudumu si yale ya zamani. Akashuka, akapiga teke tairi, akatukana, akaniomba radhi.

"Sikiliza, Babu. Kuna mawili. Nilinyanyue, liwe sawa; lakini mpaka nimalize, bendi imepita na majina yanasomwa. Au twende hivihivi, mwendo wa miguu, lisikate tairi. Ila mwendo wa miguu linachemka. Unajua lilivyofanya nyuma ya trekta. Kilima kile..." Akaelekeza spana kilimani. "Sema wewe. Safari hii sema kweli, usiniambie 'utakavyoona'."

Gari lenye nguvu za kupaa, na sisi tunaomba litembee!

Nikasema naomba nichukue kofia.

Bendi iko mtaa wa chini. Wamemaliza ubeti wa pili. Birika liko jikoni. Nililiweka motoni bila kufikiri, nilipoingia nikasikia gari likiwashwa tena. Halikuwa limechemka. Nimemwaga maji ya vuguvugu, nimelijaza ya baridi hadi juu. Nitalipakata njiani, injini ikichemka tuimiminie. Mdomo wake unaingia kwenye rejeta bila kumwaga, nimeupima kwa jicho.

Nimepaza sauti kupitia dirishani — na sitaomba radhi — "Usiguse kitu! Acha hivyo hivyo! Tunakwenda mwendo wa miguu!"

Wamekata kona ya kwa Drusila. Sasa nawasikia vizuri. Elrico hajaanza kupiga, anangoja kuona kama nitatokea. Wimbo unakuja mtaani hauna sauti ya chini, na injini inanguruma langoni, na lile gurudumu —